Tuwafunze vijana kuihoji mashine, si kuibofya tu

Shangazi yangu anakaa karibu na soko la Funyula, chini ya vilima vya Samia. Ni mwanamke aliyekula chumvi nyingi, anasoma Kiswahili bila taabu, na simu yake ndogo ya vitufe haimtoki mkononi. Siku moja alipokea ujumbe mfupi kutoka zahanati moja anakompeleka mjukuu wake. Ujumbe uliandikwa kwa Kiswahili kizuri: amlete mtoto siku ya Jumanne, saa 9.00. Shangazi alifurahi si haba. Kwa miaka mingi karatasi za ofisi zilimjia kwa Kiingereza, ikabidi amtafute mtoto wa shule amsomee. Safari hii alijisomea mwenyewe.

Jumanne ilipowadia alimaliza palizi, akamwogesha mtoto, akapanda bodaboda na kufika zahanati saa nane u nusu za mchana, nusu saa kabla ya wakati, kama wafanyavyo watu wenye adabu zao. Alikuta mabenchi matupu.

"Mama, kliniki ya watoto imekwisha tangu adhuhuri," akaambiwa. "Ulitakiwa kuja saa tatu asubuhi."

"Mwanangu, hapa pameandikwa saa tisa," shangazi akajibu. "Na saa tisa yenyewe haijafika."

Kumbe aliyeuandaa mfumo ule wa kutuma ujumbe alikuwa na saa ya Kiingereza kichwani mwake. Tisa yake ilikuwa tatu yetu ya asubuhi. Maneno yalitafsiriwa yote. Nambari ikaachwa kama ilivyokuwa. Shangazi alirudi nyumbani na mtoto wake mgongoni, nauli imekwenda na siku imepotea.

Aliponisimulia mkasa huo, kilichoniuma zaidi si nauli wala siku. Ni maneno aliyomalizia nayo: "Labda ni mimi sikusoma vya kutosha."

Ninaandika makala haya kwa sababu ya maneno hayo. Mtu aliyeisoma lugha yake sawasawa, akaihesabu saa yake sawasawa na kufika mapema, ndiye aliyejihukumu kuwa mjinga. Mashine iliyokosea haikuulizwa lolote. Nami nashikilia kwamba kosa hilo halikuanzia zahanati. Lilianzia darasani, mahali ambapo vijana wetu hufundishwa kuunda programu bila ya kufundishwa kuuliza zinaundiwa nani.

Yamkini msomaji atasema kwamba nalikuza jambo dogo, kwamba hilo lilikuwa kosa la tafsiri tu. Hebu tulitazame kwa makini. Tafsiri ilikuwapo, na kila neno lilikuwa la Kiswahili sanifu. Kilichokosekana ni ujuzi kwamba sisi huanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka, na za usiku jua linapotua. Hapa karibu na ikweta, ambapo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hesabu hiyo ina mantiki kamili. Wala si ya Waswahili peke yao. Ng'ambo ya mpaka Mganda husema ssaawa bbiri akimaanisha saa mbili hii hii yetu. Kwa hiyo mtu anaweza kutafsiri maneno yote na asitafsiri maisha hata kidogo. Aliyetafsiri ujumbe ule aliijua lugha ya shangazi, lakini hakujiuliza siku ya shangazi huanza lini.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili. Sisi tuna somo ambalo tumelifundisha kwa miaka mingi, nalo ni uhakiki. Tunapoingia darasani na riwaya au tamthilia, hatumwambii mwanafunzi aisome tu na kuikariri. Twamwuliza: Ni nani anayesimulia? Anamsimulia nani? Ni wahusika gani waliopewa sauti, na ni wepi walionyamazishwa? Mwandishi anachukulia nini kuwa jambo la kawaida lisilohitaji kuelezwa? Maswali hayo tunayauliza kuhusu kitabu ambacho pengine mwanafunzi hatakifungua tena baada ya mtihani. Ajabu ni kwamba hatuyaulizi kuhusu simu, ambayo ataifungua kila siku ya maisha yake.

Kioo cha simu nacho ni matini. Kina mwandishi, ijapokuwa jina lake haliandikwi jaladani. Kina msomaji wake aliyekusudiwa: mwenye macho mazuri, mwenye vidole vyepesi, mwenye majina mawili au matatu yaliyopangwa kwa utaratibu fulani, asiyeazima simu ya jirani, na ambaye saa yake huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Yeyote asiyefanana na msomaji huyo hujiona mgeni. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaotuundia mifumo mara nyingi hawavilalii vitanda wanavyovichonga.

Nichukue mfano wa pili kutoka taaluma yangu ya isimu, nao unahusu neno dogo kabisa: ndiyo. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi, "Hukufanya zoezi?" na ikawa kweli hakulifanya, mwanafunzi atajibu, "Ndiyo, sikulifanya." Ndiyo yake inakubaliana na usemi wa mwulizaji. Mwingereza katika hali iyo hiyo hutumia neno lake la kukana, kwa kuwa yeye hujibu kuhusu tendo lenyewe na si kuhusu usemi. Huu ni utaratibu mwingine wa kujibu, nao hauna kasoro yoyote. Hupatikana katika lugha nyingi duniani. Sasa fikiria mashine inayouliza: "Hutaki kuendelea? 1. Ndiyo. 2. Hapana." Mzee aliyekusudia kusimamisha shughuli na mzee aliyekusudia kuiendeleza wanaweza wote wawili kubonyeza 1, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amejibu sawa. Mwalimu angesikia kishazi kinachofuata, "sikulifanya," akaelewa. Mashine haisikii kishazi kinachofuata. Inachukua ile 1 na kwenda nayo, na pengine kwenda na fedha za mzee.

Dawa ya tatizo hilo haihitaji hesabu ngumu. Ni kuuliza swali kwa njia ya kuyakinisha, au kuandika jibu lenyewe kwa ukamilifu: "1. Endelea. 2. Simamisha." Lakini ili mtu aijue dawa ni lazima kwanza aujue ugonjwa, na ugonjwa huu haumo katika somo la programu. Umo katika somo la lugha, ambalo mwanafunzi wa kompyuta aghalabu huliaga akimaliza kidato cha nne.

Mfano wa tatu walimu wanaujua kuliko mimi. Mfumo wa NEMIS ulipoanza kutumika mwaka 2017, kila mwanafunzi alitakiwa kupewa nambari yake ya pekee, na cheti cha kuzaliwa kikawa ndicho ufunguo wa kuipata. Fedha za serikali kwa shule zikafungamanishwa na usajili huo. Lengo lilikuwa jema: kujua idadi ya kweli ya wanafunzi na kuziba mianya ya udanganyifu. Lakini hebu lipeleke lengo hilo mpakani. Wasamia wako pande zote mbili, Kenya na Uganda. Lugha ni moja na koo ni zile zile. Watu huoana, huzikana na kulimiana mashamba. Mama hujifungulia palipo na hospitali ya karibu, au kwa wazazi wake, na huenda pakawa upande wa pili wa Mto Sio. Mtoto huyo alipofika darasani na mwalimu akaketi mbele ya kompyuta, kisanduku cha mfumo huo kilidai nambari ya cheti na hakikukubali kuachwa kitupu.

Sisemi kwamba serikali haina haki ya kudai cheti. Ninalosema ni kwamba kisanduku kisichokubali kuachwa kitupu ni uamuzi, na kila uamuzi una mwamuzi. Kuna mtu aliyeketi mahali akaamua kwamba sehemu hii ni ya lazima na ile ni ya hiari. Kwa uamuzi huo ameeleza, labda bila ya kujua, mtoto wa kawaida ni wa namna gani. Mwanafunzi wa kompyuta akifundishwa jinsi ya kukiunda kisanduku cha lazima, afundishwe pia kuuliza: Ni nani atakayesimama mbele ya kisanduku hiki akiwa hana cha kuandika? Na baada ya hapo ataelekea wapi?

Mpaka huu huu unatupa mfano wa kutia moyo pia. Zamani msafiri aliyevuka Busia alikaguliwa upande mmoja, kisha akavuka na kukaguliwa tena upande wa pili, foleni juu ya foleni. Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja na msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Tutakavyo kusema kuhusu kasoro zilizobaki, wazo lenyewe lafaa kuzingatiwa. Utaratibu wa kwanza ulipangwa kwa kuyatazama mambo kutoka kiti cha ofisa. Wa pili ulipangwa kwa kuyatazama kutoka miguu ya msafiri. Mpaka haukuhama wala sheria za forodha hazikufutwa. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mpangaji alipokuwa akipanga.

Fikra hizi si ndoto za mwalimu wa isimu aliyeona wivu kwa wenzake wa kompyuta. Zina historia yake ulimwenguni. Nchini Marekani, mwanaanthropolojia Lucy Suchman aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule Palo Alto. Aliwatazama watu wakipambana na mashine ya kunakili karatasi iliyosemekana kuwa na uwezo wa kumwongoza mtumiaji hatua kwa hatua. Miongoni mwa walioshindwa kuielewa walikuwamo wataalamu mashuhuri wa kompyuta. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1987, Suchman alionyesha kwamba hawakuwa wajinga. Mashine ilikuwa na mpango wake wa jinsi mtu atakavyotenda, ilhali watu hutenda kwa kuitazama hali ilivyo wakati ule, wakirekebisha mwendo njiani. Mashine haikuweza kuona kwamba wamepotea, kwa sababu haikuwaona kamwe.

Huko Norway, katika miaka ya 1970, Kristen Nygaard, mmojawapo wa waasisi wa lugha ya programu iitwayo Simula, alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Walitaka wafanyakazi wenyewe waielewe mifumo ya kompyuta iliyokuwa ikiletwa viwandani, ili wawe na kauli juu yake kabla ya kufungiwa ndani yake. Nikisoma habari hiyo huwakumbuka wahunzi wa Samia, waliosifika tangu kale kwa majembe yao. Mhunzi na mlimaji waliishi kijiji kimoja au vijiji jirani. Jembe likiwa zito mno, mlimaji alijua aende kumlalamikia nani. Leo mtumiaji wa mfumo hajui mhunzi wake yuko wapi, na mhunzi hajapata kuliona shamba.

Hata hapa kwetu ushahidi upo, tena mkubwa. Oktoba 2005 Safaricom, kwa ushirikiano na Vodafone na shirika la mikopo la Faulu, ilianza kuifanyia majaribio huduma ya M-Pesa. Huduma hiyo ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo yao. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wake, walieleza katika makala yao ya mwaka 2007 jinsi watu walivyoanza kuitumia kwa mambo ambayo hayakukusudiwa, wakatumiana fedha wao kwa wao kwa shughuli mbalimbali. Waanzilishi hawakuwakemea watu wale kwamba wanaitumia vibaya. Waliwatazama, wakajifunza, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 shabaha yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mkenya aliye mjini huona wajibu kumsaidia mama yake kijijini. Huo ni utamaduni, si tekinolojia. Mashine ilifanikiwa kwa kuufuata utamaduni huo.

Kadhalika tuna mfano wa bodaboda, neno ambalo mpaka huu umelipa ulimwengu. Katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya vituo vya Kenya na Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, nalo likageuka ndimini mwao kuwa boda. Kiti cha nyuma cha baiskeli kilikuwa cha mizigo. Wao wakakiwekea mto laini, kikawa cha abiria. Hawakupata kuingia darasa lolote la ubunifu, lakini walifanya kazi ambayo vyuo vikuu sasa vinaifanyia mikutano: walikitazama chombo cha watu wengine, wakauliza kinawafaa vipi watu wao, wakakibadilisha. Vivyo hivyo na fundi wa simu anayeketi kivulini sokoni na bisibisi yake. Mwaka 2015 Susan Wyche na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mafundi wa namna hiyo mashambani mwa Kenya, wakawachukulia si kama warekebishaji tu bali kama watu wenye maarifa ya kuwafunza wabunifu. Ni aibu ikiwa mtafiti atasafiri kutoka Marekani kuja kumsikiliza fundi ambaye mwanafunzi wetu humpita kila asubuhi akielekea shule.

Mtaala wetu, ukweli usemwe, unatupa nafasi. Mtaala wa Umilisi unataja umilisi wa kimsingi saba, na miongoni mwake kuna fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo, kisha kuna ujuzi wa dijitali. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hizo ni hatua za kupongezwa. Wasiwasi wangu ni kwamba umilisi huo wa aina mbili tumeutenganisha kama maji na mafuta. Fikra tunduizi tumeziweka katika fasihi na historia. Dijitali tumeiweka katika chumba chenye kufuli, ambamo mtoto hujifunza kuwasha, kubofya, kuhifadhi na kuzima.

Najua nitakavyopingwa. Wapo watakaosema kwamba kompyuta ni hesabu, na hesabu haina kabila. Tisa ni tisa Funyula na tisa London. Naam, tisa ni tisa, lakini saa tisa si saa moja Funyula na London, na shangazi yangu ni shahidi. Wapo watakaosema kwamba vijana wanahitaji ajira, na kwamba uhakiki haulishi mtu. Hao nitawarudisha kwa M-Pesa: faida ilitokana na kuwatazama watu kwa makini. Kampuni itakayomwajiri kijana anayejua kwamba ndiyo ya Kiswahili si sawa na ile ya Kiingereza itajiepushia hasara nyingi. Tena wapo watakaosema kwamba ratiba imejaa pomoni. Kwao nasema sidai somo jipya. Nadai maswali mapya ndani ya masomo yaliyopo.

Kuna kosa jingine ambalo ningependa tuliepuke, nalo ni kuufanya utamaduni kuwa pambo. Nimewahi kuona kazi za wanafunzi waliodhani kwamba kuifanya programu kuwa ya Kiafrika ni kuweka picha ya ngoma na rangi za bendera kwenye kioo. Huko ni kuvisha sanamu kanzu. Utamaduni ninaouzungumzia umo katika jinsi watu wanavyohesabu saa, wanavyokubali na kukataa, wanavyoazimana simu, wanavyoitana majina na wanavyomwamini mtu au kumshuku. Wala utamaduni huo si mmoja. Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa wengi wa Funyula, ambao nyumbani husema Lusamia. Mfumo unaojivunia kusema Kiswahili bado unaweza kumwacha nje bibi asiyekijua.

Jambo hili limezidi uzito siku hizi, kwa maana mashine sasa haziulizi tu, zinasema. Programu za akili mnemba hujibu maswali kwa Kiswahili, huandika barua, hata insha za wanafunzi wetu, jambo ambalo walimu wanalifahamu kwa machungu. Mashine hizo hufunzwa kwa maandishi. Lugha yenye maandishi mengi husikika vizuri ndani yake. Yenye maandishi machache hukoroma kwa mbali. Mwanafunzi anayepokea jibu lake kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni anahitaji maswali yale yale ya uhakiki: Nani anasema? Kayapata wapi? Ni nani ambaye hakuwapo yalipokuwa yakiandikwa?

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne.

Mosi, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili awape wanafunzi zoezi la kuhakiki ujumbe wa simu. Kila mmoja alete kutoka nyumbani ujumbe au menyu moja ambayo wazazi hutumia, baada ya kufuta majina, nambari na siri zote. Kisha darasa liuhoji ujumbe huo kama linavyohoji shairi. Hakuna haja ya umeme wala intaneti. Ubao na chaki vyatosha.

Pili, mwalimu wa kompyuta awapeleke wanafunzi wake sokoni kabla ya kuwaruhusu kuandika mstari mmoja wa programu. Waketi na fundi wa simu, na muuza omena, na mwendesha bodaboda wa Busia, na msaidizi wa dereva wa lori anayengoja foleni Malaba. Wasiulize kwanza, "Unahitaji programu gani?" Watazame kwanza kazi inavyofanyika. Wakishaandika walichokiona, warudi wawasomee wenyeji kwa lugha wanayoielewa, ili wenyeji wawasahihishe. Hapo mwanafunzi atajifunza kwamba mtumiaji si mtu wa kupimwa tu. Naye aweza kumpima mtaalamu.

Tatu, vyuo vikuu vyetu, iwe ni Alupe iliyo papa hapa Busia, au Maseno, au Masinde Muliro, au Nairobi, viwe na kozi ambayo mhadhiri wa kompyuta na mhadhiri wa lugha au wa sayansi ya jamii wanaifundisha pamoja, ndani ya chumba kimoja, wakibishana mbele ya wanafunzi. Sehemu ya alama za mradi itolewe na watu waliokusudiwa kuutumia. Hatuanzi sifuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizofanyiwa kazi kwa Kiswahili. Novemba 2016 wanazuoni wa Afrika wa uhusiano baina ya binadamu na kompyuta walifanyia Nairobi mkutano wao wa kwanza, uitwao AfriCHI. Mbegu zipo, shamba ndilo halijapaliliwa.

Nne, nasi wataalamu wa lugha tujisute kidogo. Tumetumia miaka na mikaka tukibishana iwapo chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na faida yake, nami nilishiriki kwa moyo. Lakini tulipokuwa tukigombania jina mlangoni, chombo kiliingia ndani, kikaketi na kuanza kuwahoji wazee wetu, wala hatukwenda kusikiliza kinawauliza nini. Istilahi bila ya maisha ya wanaozitumia ni nguo isiyo na mvaaji.

Nilirudi Funyula baada ya kuyatafakari haya, nikamweleza shangazi kwamba kosa halikuwa lake. Kwamba alisoma vizuri kuliko aliyeandika. Alinyamaza kwa muda, kisha akacheka. Akaniambia kwamba tangu siku ile, kila anapopata ujumbe wenye saa ndani yake, hutuma mtu zahanati akaulize kwanza: "Saa tisa ya nani?"

Swali hilo ndilo mtaala wote ninaouomba. Mwanafunzi atakayeketi mbele ya kompyuta mwakani, awe wa Funyula, Malaba au Mombasa, na akajifunza kuuliza ni saa ya nani, ni ndiyo ya nani na ni mtoto wa nani anayetajwa katika kisanduku hiki, huyo atakuwa ameelimika. Shime walimu, tumfunze mapema, asije naye akamrudisha shangazi wa mtu nyumbani na mtoto mgongoni.